Babu wa Hekaluni na Wazee wa Kaya

Kwa siku ya kuzaliwa ya Kagome Higurashi, anayetimiza miaka 15, babu yake anamtunukia mguu uliokauka wa kappa, jini wa maji wa Kijapani. Mzee anaanza kumweleza asili ya kitu hicho, lakini mjukuu hana habari naye. Mguu unaishia kwa Buyo, paka wa nyumbani.

Hivyo ndivyo Rumiko Takahashi anavyomleta kwa wasomaji mmoja wa wazee wanaochekesha zaidi katika manga, yaani hadithi za picha za Kijapani. Hadithi yenyewe ni InuYasha, iliyoanza kutoka mwaka 1996 katika jarida la Weekly Shonen Sunday na kumalizika 2008, ikiwa imejaza vitabu 56. Vijana wengi wa Mombasa, wa Mikindani wakiwemo, wanaifahamu kupitia filamu zake za katuni. Wanamkumbuka InuYasha mwenyewe, nusu mtu nusu jini, na upanga wake. Babu hukumbukwa kwa kicheko tu, na hapo ndipo anapopunjwa.

Mzee huyu ni kannushi, kuhani wa hekalu la Kishinto lililo Tokyo. Kila kilichomo kwenye ua wake kina kisa, na kila kisa yuko tayari kukisimulia, asikilizwe asisikilizwe. Huandika hirizi za karatasi ziitwazo ofuda akitaraji zitazuia majini, nazo hazifui dafu. Mjukuu anapotoweka siku kadhaa, ni yeye anayetoa udhuru shuleni, na maradhi anayomzulia msichana wa miaka 15 ni maradhi ya wazee wenzake: leo jongo, kesho baridi yabisi. Mvulana anayempenda Kagome huja mlangoni na zawadi za kumponya.

Lakini tazama hadithi inasimama upande wa nani. Kisima kikavu kilicho hekaluni, ambacho babu amekisimulia hata watu wamechoka, ndicho kinachompeleka Kagome kwenye Japani ya zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mti mtakatifu wa uani ndio huohuo aliofungiwa InuYasha kwa mshale. Kuna kinyago cha kale cha tamthilia za Noh kilichohifadhiwa hapo hekaluni. Kinaamka, kinasaka watu, na babu anaishia hospitalini. Hirizi zake hazina nguvu, ila kumbukumbu yake haikosei. Takahashi amemfanya mzee kichekesho na shahidi wa kweli kwa pamoja, na hiyo ni kazi ngumu kwa mwandishi yeyote.

Msomaji wa Mikindani hana haja ya kwenda Tokyo kumtafuta mzee wa namna hii. Akishika barabara ya Nairobi, akapita Miritini hadi Mazeras, kisha akakata kulia, atafika Rabai. Huko ziko kaya za Warabai, mojawapo ikiitwa Mudzi Muvya, yaani mji mpya. Kaya zilikuwa miji ya Wamijikenda iliyojengwa ndani ya misitu. Watu walipohamia nje kulima, msitu ulibaki kuwa mahali pa makaburi, sala na koma, ambazo ni roho za waliotangulia. Masimulizi yanasema kila kaya ililindwa na fingo, kago lililofukiwa ardhini, na kwamba mafingo ya mwanzo yalibebwa kutoka Shungwaya, kaskazini. Waliokabidhiwa siri ya mahali fingo lilipo ni wazee wachache.

Mzee wa kaya si mganga wa kupiga ramli, ingawa mitaani watu huwachanganya. Kazi yake iko karibu sana na ya yule kannushi: kutunza mahali, kuongoza sala za mvua na za amani, na kukumbuka. Mahekalu mengi ya Kishinto huzungukwa na miti isiyokatwa, na mti mtakatifu hufungwa kamba ya majani ya mpunga ili ajaye ajue. Kaya haina kamba hiyo. Ina miiko: usikate mti, usiokote hata kuni zilizoanguka. Kwenye Kaya Kinondo, kusini karibu na Diani, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia. Kwa miiko hiyo misitu imedumu huku mashamba na nyumba zikiizunguka pande zote. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza maeneo 10 ya kaya, zile za Rabai zikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata, mila zenyewe ziliwekwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Na vitu vya wazee je? Wagiriama, nao ni Wamijikenda, huwasimamishia wanachama waliofariki wa chama cha Gohu vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, na roho ya marehemu huaminiwa kukaa hapo. Wafanyabiashara waliviona ni mapambo. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Vilikuja kupatikana Marekani, kimoja katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, na vikarudishwa kwa familia mwaka 2007. Mzee alikuwa ameshafariki. Yeye alijua thamani ya vitu hivyo tangu mwanzo, kama babu wa Kagome alivyojua ya kinyago.

Kwetu pwani, mzee wa mila akiingia kwenye filamu au hadithi, mara nyingi huja na tunguri, macho mekundu na nia mbaya. Sura hiyo ina gharama. Katika kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine mvi zikiwa ndio ushahidi. Kaya Godoma, huko Ganze, imekuwa kimbilio la waliotishiwa na jamaa zao wenyewe. Mchoraji wa Mombasa anayetaka kuandika hadithi ya majini anaweza kuchora mzee mwingine: msahaulifu wa mambo madogo, mwingi wa maneno, anayewachosha wajukuu, na ambaye kila alichosema kuhusu msitu ni kweli.

Vijana wenye kalamu wasimchore kwa kukisia. Wapande gari hadi Mazeras, waulize njia ya Rabai, wapige hodi kwa wazee kabla ya kukanyaga msituni, kisha wakae wasikilize mpaka mzee amalize.