Kura Nyingi, Viti Vichache: Vyama na Chaguzi za Zanzibar, 1957–1963, kwa Msomaji wa Maniema

1. Utangulizi

Kiswahili kiliingia Maniema katika nusu ya pili ya karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanya biashara waliotoka Zanzibar na kujenga makao yao Nyangwe na Kasongo, kando ya mto Lualaba. Pamoja na lugha yaliingia maneno ya utawala. Mojawapo ni liwali, ambalo asili yake ni Kiarabu. Visiwani liwali alikuwa mwakilishi wa Sultani katika mji au wilaya. Nchini Kongo, hadi leo, watangazaji wengi humwita liwali yule mkuu wa jimbo ambaye kwa Kifaransa huitwa gouverneur. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikubali mwaka 1887 kuwa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa mapatano yaliyotiwa sahihi huko huko Zanzibar.

Basi si ajabu kwamba mwanafunzi wa Kindu akisoma habari za siasa za Zanzibar huona maneno anayoyajua. Hatari iko hapo hapo, kwa sababu maneno ni yale yale lakini mambo yanayotajwa si yale yale. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vyama vya Zanzibar vilivyoshindana katika chaguzi nne zilizofanyika kati ya mwaka 1957 na 1963, wakati visiwa vilipokuwa bado chini ya himaya ya Uingereza. Kuonyesha kwa nini chama kilichopata kura nyingi kilikosa kutawala. Na hatimaye kulinganisha hali hiyo na utaratibu unaofuatwa katika majimbo ya Kongo.

2. Visiwa na vyama vyake

Zanzibar ilitiwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Sultani alibaki na kiti chake, lakini madaraka makubwa yalikuwa mikononi mwa Balozi Mkaazi wa Uingereza. Baraza la Kutunga Sheria liliundwa mwaka 1926, na kwa muda wa miaka 30 wajumbe wake wote waliteuliwa. Hapakuwa na mtu aliyepigiwa kura na wananchi.

Vyama vya siasa vilizaliwa karibu na uchaguzi wa kwanza. Mwaka 1955 kiliundwa chama cha Zanzibar Nationalist Party (ZNP), ambacho watu walikiita Hizbu, neno la Kiarabu lenye maana ya chama. Mwezi Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana chini ya uongozi wa Abeid Amani Karume. Kutokana na muungano huo kilitoka Chama cha Afro-Shirazi (ASP). Muungano huo haukudumu wote. Mwaka 1959 baadhi ya viongozi wa Kishirazi, miongoni mwao Mohammed Shamte wa Pemba, walijitenga na kuanzisha Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP).

Tangu hapo vyama vilikuwa vitatu: viwili vikubwa na kimoja kidogo. Msomaji aushike ukweli huo, maana mambo mengi yaliyofuata yalitokana nao. Wenyeji huita miaka hiyo zama za siasa, na hawaiti hivyo kwa furaha. Ni miaka ambayo watu wa kijiji kimoja walisusiana katika maziko na harusi, na mteja aliuliza kwanza duka ni la mwenye chama gani kabla ya kununua sukari.

3. Chaguzi nne

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 6 tu, na waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao, tena waliotimiza masharti maalumu. ZNP haikupata hata kiti kimoja. Katika jimbo la Ng'ambo, Karume alimshinda kiongozi wa ZNP, Ali Muhsin.

Uchaguzi wa pili ulifanyika Januari 1961. Safari hii viti vilikuwa 22, na wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza. ASP ilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Jimbo la Chake Chake, kisiwani Pemba, ASP ililipata kwa kura moja tu. Hakuna chama kilichoweza kutawala peke yake, kwa hiyo wabunge watatu wa ZPPP wakawa ndio wenye mizani mkononi. Nao wakagawanyika: wawili waliungana na ZNP, mmoja akaungana na ASP. Matokeo yakawa 11 kwa 11, serikali ikashindwa kuundwa.

Ikabidi kurudia uchaguzi tarehe 1 Juni 1961, baada ya kuongeza kiti cha 23 ili sare isitokee tena. ASP ilipata karibu nusu ya kura zote, lakini viti vyake vilibaki 10. ZNP ilipata viti 10 kwa kiasi cha asilimia 35 ya kura, na ZPPP 3. Vyama hivi viwili viliungana na kuunda serikali, Mohammed Shamte akawa Waziri Kiongozi. Siku ya kupiga kura na siku zilizofuata zilikuwa za fujo na umwagaji damu. Watu 68 waliuawa.

Uchaguzi wa nne ulifanyika Julai 1963, na watu wazima wote walikuwa na haki ya kupiga kura. Viti vilikuwa 31. ASP ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura, yaani zaidi ya nusu, lakini ilipewa viti 13 tu. ZNP ilipata 12 na ZPPP 6. Jumla yao 18. Serikali ya muungano huo ndiyo iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964, baada ya siku 33, ilipinduliwa.

Mapinduzi hayo yalikuwa na sababu nyingi: ardhi, kazi, kumbukumbu ya utumwa, na jinsi serikali mpya ilivyowatendea wapinzani wake. Hata hivyo, haiwezekani kuyaeleza bila kutaja kwamba zaidi ya nusu ya wapiga kura waliona wameshinda katika masanduku na kushindwa katika baraza.

4. Hesabu ya kura na hesabu ya viti

Wengine hudhani kwamba tofauti ya namna hiyo haiwezi kutokea bila wizi. Si lazima. Utaratibu wa Kiingereza hugawa nchi katika majimbo, kila jimbo kiti kimoja, na mwenye kura nyingi katika jimbo hukichukua hata akishinda kwa kura moja. Kura zinazozidi ushindi hazina kazi nyingine, na za aliyeshindwa hupotea.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna majimbo matatu, kila moja lina wapiga kura 1,000. Chama cha kwanza kinapata kura 900 katika jimbo la kwanza, 400 katika la pili na 400 katika la tatu, jumla 1,700. Chama cha pili kinapata 100, 600 na 600, jumla 1,300. Chama cha pili kimeshindwa kwa kura 400, lakini kina viti 2, na cha kwanza kina kiti 1. Hapakuibiwa karatasi hata moja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Zanzibar. ASP ilirundika kura nyingi mno katika ngome zake, hasa Ng'ambo na sehemu za mashamba ya Unguja. Wapinzani wake walishinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo, hasa Pemba. Zaidi ya hayo, ZNP na ZPPP ziliweza kugawana majimbo badala ya kupigana zenyewe kwa zenyewe.

Sasa tuhesabu kura zile zile kwa utaratibu wa orodha, ambao Wabelgiji waliuleta Kongo na ambao bado unatumika kwa namna yake. Majimbo matatu yanafanywa moja lenye viti 3. Kura 3,000 zikigawanywa kwa viti 3, kila kiti kinagharimu kura 1,000. Chama cha kwanza kinapata kiti 1 na kubakiwa na kura 700. Cha pili kinapata kiti 1 na kubakiwa na 300. Kiti cha tatu kinakwenda kwa mwenye baki kubwa, yaani chama cha kwanza. Hapo mwenye kura nyingi ndiye mwenye viti vingi. Wapiga kura hawakubadilika. Kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu.

Isidhaniwe kwamba utaratibu wa orodha hauna kasoro. Katika uchaguzi wa Mei 1960, MNC ya Lumumba ilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote katika Baraza la Wabunge lenye viti 137, lakini ilikuwa mbali na nusu, ikalazimika kutafuta washirika wengi wasiopatana. Utaratibu wa Kiingereza huweza kumnyima haki mwenye wengi. Ule wa orodha huweza kuzaa serikali yenye vichwa vingi.

5. Maneno yale yale, mambo mbalimbali

Mfano ulio wazi kuliko yote ni neno jimbo. Mtu wa Kindu akisema jimbo la Maniema, anataja eneo kubwa lenye liwali wake na baraza lake, lililotengwa na Kivu mwaka 1988. Mzanzibari akisema jimbo la Chake Chake, anataja sehemu ndogo inayotoa mjumbe mmoja; eneo kubwa la utawala yeye huliita mkoa. Kwa hiyo sentensi kama "chama kilishinda majimbo 13" huweza kumpotosha kabisa msomaji wa Kongo, akadhani nusu ya nchi kubwa imetekwa.

Neno kura nalo lina historia. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni bahati nasibu: watu walipiga kura ili jambo liamuliwe na kisichokuwa mtu, pasiwe na wa kulaumiwa. Siku hizi kura ni hiari ya mtu mwenyewe. Lakini maana ya zamani haijafutika. Anayeshindwa kwa kura moja, kama ilivyotokea Chake Chake, huona vigumu kutofautisha uamuzi wa umma na bahati tu.

Mgombea hutokana na kugomba, yaani kuteta na kushindana kwa maneno. Kongo husikika pia kandida, kutoka Kifaransa. Neno hili la kigeni halibebi ugomvi ndani yake.

Maneno mawili ya baadaye yanastahili kutajwa. Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa Oktoba 1995 ulimpa Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2 na Seif Sharif Hamad wa CUF asilimia 49.8. CUF ilikataa matokeo. Mapatano yaliyotafutwa mwaka 1999, na tena 2001 baada ya watu kuuawa katika maandamano ya Januari na wengine kukimbilia Kenya, yaliitwa muafaka. Yale ya 2009 na 2010 yakaitwa maridhiano. Muafaka ni mapatano tu, na huweza kufanywa na viongozi wawili mezani. Maridhiano yana mzizi ridhi na kiambishi -an- cha kutendana: kila upande uridhike na mwenziwe. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, ambamo chama cha pili hutoa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Neno zuri halikutosha kulinda jambo. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa kabla matokeo hayajakamilika. Uliporudiwa Machi 2016, CUF iliususia. Umoja ulirudi Desemba 2020, Seif Sharif Hamad alipokubali umakamu kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, miezi michache kabla ya kifo chake Februari 2021.

6. Hitimisho

Kwa Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, liwali hapigiwi kura na wananchi wote. Huchaguliwa na wabunge wa jimbo. Hivyo hukumu ya mpiga kura wa Kindu, Kasongo au Punia hupita katika milango miwili: kwanza hesabu inayogeuza kura kuwa viti, halafu mapatano yanayogeuza viti kuwa serikali. Katika mlango wa pili wenye kuamua ni wachache, na kura moja ina uzito mkubwa mno. Wabunge watatu wa ZPPP mwaka 1961 ni kielelezo cha kutosha.

Chaguzi za Zanzibar zinafundisha kwamba matokeo yanaweza kuwa halali kwa sheria na bado yasikubaliwe na waliokwenda kupiga kura, hasa ikiwa hawakuelezwa mapema namna yatakavyohesabiwa. Maelezo hayo yanapaswa kutolewa kwa lugha wanayoielewa watu. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wanasheria na vyama peke yao. Wanaosoma na kufundisha Kiswahili wana sehemu yao: kukusanya maneno ya uchaguzi yanayotumika mitaani Kindu, kuyapambanua na yale ya pwani, na kuyaweka wazi kabla ya siku ya masanduku, si baada yake.