Kipi Kitoke na Kipi Kibaki Kemshafti Ikibadilishwa

Mwenye gari anapoingia gereji hapa Kakamega na kusema kwamba anataka kemshafti yenye nguvu zaidi, aghalabu huwa amekwisha kuhesabu thamani ya chuma kimoja tu, ilhali chuma hicho hakifanyi kazi hata moja peke yake. Kwani kila nundu yake husukuma tapeti, tapeti ikasukuma pushirodi, pushirodi ikainua roka, na roka ikaifungua vali kwa kuishinda springi, na hayo yote hutimia mara moja katika kila mizunguko miwili ya krankishafti. Suala linalostahili kuulizwa, basi, ni katika jamaa za kemshafti ni nani hawana budi kuondoka pamoja na ile kuukuu, na ni nani wana haki ya kubaki.

Nitachukua mfano wa Peugeot 504, gari lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1975, na ambalo pikapu yake imebeba mizigo mingi ya sokoni katika nchi yetu. Injini yake ya petroli ina kemshafti iliyolala ubavuni mwa bloku, ikizungushwa kwa cheni.

Katika jambo la tapeti hukumu yangu haina rufani: zitoke zote. Uso wa tapeti unaodhaniwa kuwa bapa kwa hakika umebenuka kidogo mno, na nundu nayo imechongwa kwa mshazari usiodhihirika kwa macho, makusudi tapeti izunguke mahali pake kila inaposukumwa, isisuguliwe upande mmoja daima. Miaka ikipita, kila tapeti hulika kwa kadiri ya nundu yake, mpaka zikazoeana kama mchi na kinu chake. Na hata fundi anayerudisha kemshafti ile ile hana budi kurudisha kila tapeti katika tundu lake la asili. Tapeti kuukuu ikiwekwa juu ya nundu mpya huacha kuzunguka, na badala ya kuzunguka hukwangua. Nimepata kufungua injini iliyofanyiwa hivyo kwa ajili ya kuokoa fedha kidogo, nikakuta nundu moja imelika hata kukaribia kuwa duara, na unga wa chuma umesafiri ndani ya oili hadi kwenye beringi za krankishafti, ambazo hazikuwa na dhambi yoyote.

Springi na pistoni zina hukumu nyingine, hukumu ya kipimo. Kemshafti inayoinua vali juu zaidi huibana springi zaidi, na vali ikiwa wazi kabisa sharti ibaki nafasi ya jumla ya kama milimita 1.5 kabla ya mapindi ya springi kugusana. Springi isipofikia kiasi hicho, au ikiwa imechoka, itolewe, lakini isiwekwe iliyo ngumu kupita ile aliyoagiza mtengenezaji wa kemshafti, maana ugumu uliozidi huilemea nundu bila faida. Kuhusu pistoni, fundi huweka udongo laini wa plastisini juu yake, hufunga kichwa cha injini, huizungusha krankishafti kwa mkono taratibu, kisha hufungua na kupima udongo ulivyobonyea: milimita 2 upande wa vali ya kuingizia na 2.5 upande wa vali ya kutolea moshi ni kadiri ya usalama inayokubaliwa na mafundi wengi. Pistoni iliyofaulu kipimo hicho, na isiyo na kasoro nyingine, ibaki.

Hapa ipo hadhari iliyo mahsusi kwa injini ya 504: laina za silinda zake zimezungukwa na maji na zinaweza kuchomoka, kwa hiyo kichwa kikiondolewa ni wajibu zifungwe kwa vibano mara moja, na krankishafti isizungushwe kabla ya hapo. Laina ikisogea, sili ya chini huharibika na maji huingia katika oili, na kazi ya kemshafti ikageuka ovaholi nzima.

Cheni, kwa kuwa kifuniko cha mbele kimekwisha kufunguliwa, ningeibadilisha pamoja na gia zake ikiwa imelegea hata kidogo. Gasketi na sili hazina mjadala.

Ama kuhusu aina ya kemshafti ya kununua, mji wetu umesimama kama mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya saba kuliko ile ya Mombasa. Kemshafti ya mashindano, inayoziacha vali zote mbili wazi kwa pamoja muda mrefu, itainyima injini nguvu pale pale mkulima anapoihitaji, yaani katika mwendo wa polepole wenye mzigo na tope. Tena hupunguza mvuto wa hewa unaoisaidia breki injini ikiwa inapuma taratibu. Kwa gari la kazi, chagua iliyo ya wastani.

Siku ya kuiwasha injini, nundu zipakwe grisi yake maalumu, na oili iwe na zinki ya kutosha, kwa sababu oili nyingi za siku hizi zimepunguziwa zinki na fosforasi ili kuhifadhi mitambo ya kusafisha moshi. Injini isiachwe ipume taratibu, bali ishikiliwe kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, ili krankishafti izirushie oili tapeti na nundu zinapozoeana. Kisha oili imwagwe, iwekwe nyingine.

Nawe msomaji, kabla hujatoa hata shilingi moja kununua kemshafti, mwombe fundi wako apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa dhaifu sana kuliko wenzake, fedha yako ianzie kwenye ringi na vali, na kemshafti ingoje.