Karatasi Ina Namba Yake, Lakini Haiishi Peke Yake

Daftari na kitabu cha kiada hubebwa katika mkoba mmoja wa mwanafunzi, lakini kwenye takwimu za viwanda kila kimoja kina fungu lake. Daftari lipo chini ya utengenezaji wa karatasi na bidhaa zake. Kuchapa kitabu ni kazi ya fungu la uchapaji.

Mgawanyo huo umo katika ISIC, mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha shughuli za kiuchumi, ulioanza mwaka 1948. Katika toleo la nne, la 2008, viwanda vimewekwa chini ya herufi C, na karatasi imepewa namba 17. Chini yake kuna matawi matatu: 1701 ni rojo la karatasi, karatasi yenyewe na kadibodi, 1702 ni maboksi na mifuko, 1709 ni bidhaa nyinginezo, zikiwamo bahasha, karatasi za chooni na hata taulo za kike. Kampuni hupewa namba ya shughuli inayozalisha thamani kubwa kuliko nyingine zake.

Tutazame Mufindi, mkoani Iringa. Misindano inapokuzwa katika shamba la miti la Sao Hill, hiyo ni misitu, namba 02. Magogo yakifika kiwandani Mgololo, yakakatwakatwa na kuchemshwa kwa kemikali mpaka nyuzi zikaachana, tumeingia 1701. Karatasi ngumu ya kahawia ikishonwa mifuko ya saruji, ni 1702. Na maboksi yaliyotumika yakikusanywa mitaani Dar es Salaam, kazi hiyo ni ya taka, namba 38.

Kiwanda cha karatasi cha Webuye, magharibi mwa Kenya, kiliposimama mwaka 2009, hasara haikuishia kwenye namba 17. Iliwafikia wakata miti, madereva, wenye nyumba za kupangisha na wauza chakula, na kila kundi lina fungu lake kwenye majedwali.

Ndiyo maana uamuzi juu ya karatasi haufai kupimwa kwa fungu moja. Ushuru wa karatasi kutoka nje unaweza kukilinda kiwanda cha namba 17, huku ukimwongezea gharama mchapaji wa namba 18, na mwishowe mzazi anayenunua vitabu. Wanaopanga bajeti wayasome mafungu haya kwa pamoja, kisha ndipo waamue.