Gari na Shofere Kule Unguja: Mapatano Kwanza, Kupanda Baadaye



Likizo kubwa ya watoto inakaribia. Wengi kati yenu mnaokwenda Dar es Salaam kununua bidhaa Kariakoo mmetuuliza swali moja: mtu akiisha kufika Dar, mbona asivuke bahari siku mbili tatu aone Zanzibar, pamoja na watoto, au pamoja na mama mzazi ambaye hajaona maji ya chumvi tangu azaliwe? Meli za kasi zinavuka kwa muda wa saa mbili hivi. Kuvuka si shida. Shida inaanza bandarini, mizigo iko mkononi, watoto wana njaa, na vijana watano wanawaita kwa pamoja kila mmoja akisema gari yake ndiyo hii hapa, bei ya kindugu.

Wenyeji wenyewe wamewapa vijana hao jina: papasi, yaani kupe, kwa namna wanavyong'ang'ania mgeni. Si wote ni wabaya. Lakini pale ndipo feza ya likelemba, iliyokusanywa mwaka mzima, inaweza kuisha mbele ya siku kuanza. Basi juma hili tuseme juu ya gari ya kukodi pamoja na shofere wake.

Kwanza mjue kisiwa. Unguja ndicho kisiwa kikubwa cha Zanzibar, kina urefu wa kilomita 85 hivi kutoka kaskazini hadi kusini. Mji uko upande wa magharibi. Kutoka mjini mpaka Nungwi, kule ncha ya kaskazini, ni kama kilomita 60. Mpaka Paje, pwani ya mashariki, ni kama 50. Kwa sisi tuliozoea barabara za Kivu, hayo ni maneno ya kuchekesha: lami ipo, na mwendo ni saa moja au moja na nusu. Ila bariyeri za polisi zipo njiani huko pia.

Kuna anayesema: mimi nina perimi, nitakodi gari na kuendesha mwenyewe. Tunamwomba aache. Kule wanaendesha upande wa kushoto, na mgeni anadaiwa kibali cha kuendesha kinachotambuliwa kisiwani. Siku ya mapumziko si siku ya kujifunza upya kukata kona. Na daladala je? Ni nafuu sana, na kijana mwenye mfuko mmoja mgongoni atafurahi nayo. Lakini bibi mwenye magoti mabaya na watoto watatu hawawezi kusimama jua kali wakingoja gari ya kurudi jioni, ambayo labda imekwisha kupita.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii: siku ya kutembelea Mji Mkongwe msikodi gari hata kidogo. Vichochoro vyake ni vyembamba, gari haiingii, na mtalipa shofere akae kivulini asome simu. Siku hiyo ni ya miguu. Nendeni Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ambapo sasa pamesimama kanisa kuu la Waanglikana. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu wamesimama wamefungwa minyororo shingoni. Msipapite haraka. Baadhi ya waliouzwa pale walitoka upande wetu, Maniema na nchi za ng'ambo ya Tanganyika. Na katika mtaa wa Shangani bado iko nyumba ya Tippu Tip, yule aliyetawala biashara ya pembe na watu kutoka Kasongo, akafa mjini humo mwaka 1905. Kiswahili tunachosema leo Kivu na Maniema kilipita katika njia zilezile za misafara. Watoto wetu wanasoma habari hizo darasani mistari miwili tu. Pale watauliza maswali mpaka usiku, na ni vizuri mama awe amejiandaa.

Siku ya pili ndiyo ya gari. Msichukue gari ya bandarini. Mwombeni mwenye nyumba ya wageni mnapolala awaitie shofere anayemfahamu, kwa sababu huyo atataka kuitwa tena kesho, na mtu anayetaka kuitwa tena huendesha kwa heshima. Ulizeni kama gari ina kibali cha kubeba watalii. Shughuli hiyo inasimamiwa na Kamisheni ya Utalii, na shofere wa kweli haoni haya kuonyesha karatasi zake. Gari za huko ni zile za milango ya kusukuma, Noah na Alphard. Watu sita wanakaa bila kubanana. Hapo ndipo hesabu inawafaa wamama. Tuseme, kwa mfano tu, gari nzima kwa siku ni dola 60. Mkiwa sita, kila mmoja anatoa 10. Mkinunua safari kwa kichwa, kila mmoja analipa bei yake kamili, hata mtoto, na mnakwenda wanapotaka wao. Kwa hiyo tafuteni wenzenu mbele ya kuvuka, si mkiisha kufika.

Sasa mapatano yenyewe. Wamama watano wa kundi moja walikubaliana na kijana bei nzuri ya "kuzunguka kisiwa". Maneno yaliishia hapo. Asubuhi aliwapeleka katika shamba la viungo, halafu duka la vitambaa, halafu duka la vinyago, halafu kwa mjomba wake mwenye manukato. Pwani walifika saa kumi jioni. Kurudi mjini akadai mafuta, akisema bei ilikuwa ya gari tupu. Walilipa, maana mizigo yao ilikuwa ndani.

Yule kijana hakuiba. Alifanya kazi ambayo hakuna aliyemweleza mipaka yake. Mwenye duka humpa shofere kitu kidogo kwa kila mgeni, na kwa wengi wao hicho ndicho kinachonunua unga nyumbani. Mimi ningemwachia duka moja, kwa moyo mweupe, tena ningemwambia mapema: moja, nusu saa, basi. Lakini msikubaliane juu ya "kuzunguka". Kubalianeni juu ya saa: kutoka saa fulani mpaka saa fulani, gari ni yenu. Halafu mafuta: yamo ndani ya bei au hayamo? Tiketi za kuingia mahali huwa juu yenu, hiyo ni kawaida. Maegesho juu ya nani? Shofere anakula wapi mchana? Mkiweza, mpeni chakula chenu hichohicho. Bei iwe ya shilingi. Kama mnabeba dola za kubadilisha, mnajua taabu zetu: ile iliyochanika kidogo inakataliwa hata Goma, na kule noti za zamani nazo hazipokelewi. Lipeni sehemu asubuhi ili atie mafuta, na iliyobaki mkishuka jioni na kila mfuko uko mkononi.

Andikeni yote katika WhatsApp, naye ajibu kwa maandishi. Pigeni picha ya plaki ya gari na kuituma kwa mtu wa nyumbani. Huko si kumshuku mtu. Hata shofere mwenyewe inamlinda.

Saa pia zina mtego. Goma, Bukavu na Lubumbashi tuko nyuma ya Zanzibar kwa saa moja, kwa hiyo geuzeni saa zenu mkifika. Tena sisi tumezoea kuchanganya saa za Kifaransa na za Kiswahili. Ukimwambia "saa nane" ukifikiri huit heures, atakuja saa nane mchana, na hana kosa. Semeni "saa mbili asubuhi", na msiogope kurudia.

Kiswahili chetu watakisikia na kutabasamu. Neno shofere wanalielewa, ila wao wanasema dereva. Na msimwite "papa" kama tunavyomheshimu mwanaume mtu mzima kwetu: kule papa ni samaki mkubwa wa baharini mwenye meno ya kutisha. Semeni kaka, au mzee kama ana mvi.

Mwende wapi? Msijaribu kuona kaskazini, mashariki na kusini kwa siku moja. Watoto wataona viti vya gari tu. Ushauri wetu ni njia ya mashariki. Karibu na kilomita 35 kutoka mjini kuna msitu wa Jozani, ambao umekuwa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka tangu 2004. Humo kuna kima punju, wenye mgongo mwekundu, ambao asili yao ni Unguja tu. Matuta yamewekwa barabarani kwa ajili yao, maana magari yalikuwa yakiwaua. Mtazameni shofere wenu pale: anayepunguza mwendo kwa ajili ya kima atapunguza kwa ajili ya watoto wa kijiji. Anayeruka matuta, mwambieni bila haya, "Kaka, taratibu, tuna mtoto." Gari mmeikodi ninyi.

Kisha Paje, na hapa shofere mzuri anaonekana kwa swali moja: kesho maji yanapwa saa ngapi? Bahari ya mashariki haikai mahali pamoja. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku muda husogea mbele karibu dakika 50. Mkifika yamepwa, mnakuta mchanga mtupu mbali kabisa, na watoto waliokuja kuogelea wanalia. Lakini saa hiyohiyo ndiyo ninayoipenda mimi, kwa sababu ndipo wanawake wanapoingia shambani mwao. Wanalima mwani. Wanafunga miche katika kamba, kamba zimefungwa katika vijiti vilivyopigwa chini ya mchanga, na maji yakirudi shamba lote linafunikwa. Kazi hiyo ilianza pale miaka ya mwisho ya 1980, na karibu yote iko mikononi mwa wanawake. Wakivuna wanaanika, wanauza mkavu kwa kilo, bei ni ndogo, na unapelekwa nje ya nchi. Siku hizi maji yamepata joto, na ule mwani mnene wenye bei nzuri unakufa karibu na ufuko. Wengine wamegeukia kutengeneza sabuni ya mwani, na feza inabaki kijijini. Mama zetu wa sambaza, wanaojua kwamba mwezi ukiwaka sana wavuvi hawapati kitu, wataelewana na wanawake hawa bila mkalimani. Kama mnataka zawadi ya kurudi nayo, nunueni sabuni ile kwa mkono wa aliyeitengeneza. Msipige picha kabla ya kuomba, na msikanyage kamba.

Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hupwa mbali zaidi, kiasi cha saa nne asubuhi, halafu yanarudi kujaa alasiri. Siku hizo mpango ni mwepesi: Paje asubuhi kwa mwani, chakula, watoto waogelee maji yakirudi, Jozani mkiwa njiani kurudi. Siku nyingine shofere ageuze mpango, na ndiyo maana tumesema mkodi saa, si orodha ya mahali.

Pomboo wa Kizimkazi mtaambiwa sana. Ni mashua ya kulipia tena, na mashua nyingi zikimkimbiza mnyama mmoja haipendezi. Msikiti wa kale wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 1107, ni bora zaidi kwa wenye nafasi ya siku ya tatu.

Mengine kwa ufupi. Julai na Agosti wageni wa Ulaya ni wengi na bei hupanda, kwa hiyo ulizeni mapema. Ijumaa adhuhuri shofere ataomba muda wa kusali: pangeni chakula saa hiyo. Nje ya ufuko, mabega na magoti yafunikwe. Kitenge kimoja kinatosha. Kwa kuwa gari inapita kushoto, watoto washuke kwa mlango wa kushoto, upande wa majani, na wakivuka barabara watazame kulia kwanza. Mikanda ya nyuma mara nyingi imejificha chini ya kiti; ichimbueni mbele ya kuondoka. Kadi ya homa ya manjano msiisahau nyumbani. Na tangu Oktoba 2024 Zanzibar inawadai wageni bima yake yenyewe, iingizeni katika hesabu.

Kwa wale watakaovuka mwezi ujao, haya ni maneno mnayoweza kunakili na kumtumia shofere usiku wa kabla, mkibadili saa na bei:

"Kaka, tumekubaliana hivi. Kesho saa mbili asubuhi, saa za Zanzibar, utatuchukua mlangoni. Tuko sita, mmoja ni bibi, wawili ni watoto. Gari ni yetu mpaka saa kumi na mbili jioni. Jozani na Paje. Wewe utatuambia tuanze wapi kufuatana na maji. Duka moja tu. Mafuta na maegesho yamo ndani ya bei, tiketi za kuingia ni juu yetu, chakula cha mchana utakula nasi. Nusu asubuhi, nusu tukishuka. Tafadhali jibu kama ni sawa."