Mvule Katika Mashamba ya Butere

Katika miti ya asili itoayo mbao ngumu Afrika ya Mashariki, ni michache iliyowatumikia watu wa nchi na kazi mbalimbali kama mvule. Kwani huko pwani mafundi wameuchonga milango, masanduku na vitanda, na waundaji wa majahazi wameupasua mbao tangu zama za kale, na huku bara, kandokando ya Ziwa Viktoria, mbao zake zimeshonwa zikawa mitumbwi ya Ssese iliyobeba watu na mizigo kabla meli ya moshi haijaonekana ziwani. Butere, mji iishiapo reli itokayo Kisumu, imo katika ukanda huo wa ziwa, ingawa mwinuko wake, ambao haukosi mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, unakaribia ukomo ambao mvule huweza kustawi, na kadiri ardhi inavyozidi kupanda kuelekea mashariki ndivyo mti huu unavyozidi kuadimika. Nia yangu ni kueleza tabia yake, kwa sababu naamini kwamba anayeifahamu atakiri kuwa mahali paufaapo mvule zama hizi ni vishamba vya wakulima kama hawa wa Butere, kuliko mashamba makubwa ya miti yaliyopandwa safu kwa safu.

Mvule ni wa ukoo mmoja na mkuyu, mfenesi na mforosadi, na alama ya udugu huo haifichiki, kwani gome likitiwa jeraha hata dogo hutoka utomvu mweupe unaonata vidoleni. Friedrich Welwitsch, mtaalamu wa mimea mwenyeji wa Austria aliyefanya kazi Angola, alipoupa jina la kitaalamu mwaka 1869, aliuhesabu kuwa mforosadi hasa. Baadaye wataalamu wakauhamisha zaidi ya mara moja, na tangu mwaka 1982 jina lake lililokubaliwa ni Milicia excelsa. Shina lake hunyooka bila tawi kwa kimo kirefu, na mti mzima huweza kufikia mita 40 au hata 50. Jani la mche ni la kukwaruza, na ukingo wake una meno madogo madogo, ilhali jani la mti uliokomaa ni laini zaidi na ukingo wake hauna meno, hata asiyezoea huweza kudhani kwamba ni miti miwili mbalimbali.

Jambo kubwa katika maumbile yake ni kwamba kuna mvule dume na mvule jike. Dume hutoa maua meupe yaliyoshikana katika mikia myembamba inayoning'inia, yenye urefu wa sentimita 15 au zaidi, na upepo huyapeperusha vumbi lake. Jike hutoa shuke fupi nene la rangi ya kijani, ambalo baada ya kupevuka huwa tunda laini lenye mbegu nyingi ndogo sana, kila moja kiasi cha milimita mbili tu. Basi mkulima aliyebakiwa na mvule mmoja shambani, majirani wake wote wakiwa wamekwisha kuikata mivule yao, ana mti wenye kivuli na mbao, lakini hana tamaa ya kupata mbegu yenye uhai.

Tunda likiiva, mwenye kulisambaza ni popo, hususa yule popo mkubwa wa rangi ya majani makavu, ambaye hula matunda na huweza kuruka makumi ya kilomita katika usiku mmoja, akizidondosha mbegu pamoja na kinyesi chake popote apitapo. Watu wengi humchukia kiumbe huyu, wakaukata mti anaolala au wakamfukuza kwa moshi na mawe, nami nasema kwa yakini kwamba wanamdhulumu mpanzi asiyedai ujira.

Mbegu ikianguka chini ya kivuli kizito cha msitu, mche wake hudhoofika na kufa, kwa kuwa mvule ni mti utakao mwanga. Huota vizuri penye uwazi, katika shamba lililoachwa au ukingoni mwa njia. Hapo ndipo wakuu wa misitu walipojaribiwa kuupanda kwa wingi mahali pamoja, na hapo ndipo walipoonana na adui. Kuna kidudu kidogo mno, cha jamii iitwayo Phytolyma, kitagacho mayai kwenye machipukizi ya mvule. Kinda lake likishatoboa jani au kikonyo, tishu huvimba na kuwa uvimbe wa kijani kama punje ya mbaazi, na uvimbe huo ukipasuka ili kidudu kitoke, kuvu huingia kwenye jeraha, ncha ya mche ikaoza na kunyauka kwenda chini. Mche hujaribu kuchipua tena, nao hushambuliwa tena, hata bustani nzima ya miche ikaangamia. Mivule iliyorundikwa pamoja imewavunja moyo wapandaji wengi, Afrika ya Magharibi na huku kwetu. Ile iliyotawanyika katikati ya miti mingine hupata nafuu, maana kidudu hakihami kwa wepesi kutoka mmoja hadi mwingine.

Wakulima wa Busoga, nchini Uganda, waliishi na mivule kwa namna hiyo pasipo kufundishwa na mtu: walipolima, mche ulioota wenyewe waliuacha ukue, na mihogo na migomba ikaendelea chini yake.

Mbao yenyewe, ikipasuliwa ingali mbichi, ina rangi ya manjano, kisha hewa huigeuza kuwa hudhurungi yenye mng'ao wa dhahabu. Mchwa hawaipendi, wala haiozi upesi, kwa sababu ya dawa zilizomo ndani yake, ambazo pia humwasha fundi ngozi na kumbana kifua asipojihadhari na vumbi lake. Tena katika shina lililopata jeraha zamani huweza kujengeka jiwe gumu la chokaa, ambalo kwa nje halionekani, mpaka msumeno ukutane nalo na meno yake yaharibike. Uchunguzi uliofanywa Kodivaa ulionyesha kwamba mvule hukusanya chumvi ya oksaleti mwilini mwake, nayo ikiozeshwa na kuvu na bakteria huugeuza udongo wenye tindikali ulio shinani pake uwe na chokaa. Habari hii ingepasa isomwe kwa makini Kenya Magharibi, ambako tindikali ya udongo ni mashaka ya kila siku, na mkulima huambiwa anunue chokaa kwa magunia.

Tangu kiwanda cha Mumias kianze kutengeneza sukari mwaka 1973, ardhi nyingi ya Butere na jirani zake iliingia katika miwa, na miwa haishirikiani na mti mkubwa. Penye miti, aghalabu hupandwa mkaratusi, kwa kuwa nguzo zake hupatikana kwa miaka michache; mvule hudai nusu karne au zaidi, na simlaumu mwenye karo ya watoto akichagua cha upesi. Lakini mpaka wa shamba haulimwi miwa, wala ua wa nyuma ya jiko, na hapo mvule mmoja haumnyimi mtu mlo.

Ni kheri majirani wa kijiji kimoja wapatane, kila nyumba ipande miwili au mitatu mbali mbali, kwani dume na jike havitambulikani mpaka miti ichanue, na wengi wakipanda hapatakosekana wa namna zote mbili. Matunda yaokotwe yangali mapya, yafikichwe ndani ya maji, na mbegu zipandwe mara moja, maana zikikaa sana hupoteza uhai. Mche uanze maisha katika kivuli chepesi, kama kile cha migomba, na ncha yake ikaguliwe mara kwa mara. Ikionekana na uvimbe, ikatwe na kuchomwa kabla uvimbe haujapasuka. Na ikiwa shambani kimesalia kisiki cha mvule uliokatwa, kisichimbuliwe kwa haraka, kwa kuwa kisiki hicho huweza kuchipua, na chipukizi moja lililonyooka, likiachwa peke yake baada ya kupunguzwa mengine, lina mizizi ya mti mzima ya kulilisha.