Mstari na Jozi: Kwaito katika Sherehe za Usiku za Njombe na Makambako

Katika sherehe za usiku za Njombe na Makambako, iwe ni harusi au sendoff, yaani sherehe ya kumuaga binti anayekwenda kuolewa, kuna aina mbili za kucheza zinazogombea sakafu moja. Ya kwanza ni dansi la wawili wawili, ambamo mwanamume na mwanamke hushikana na kuzunguka ukumbi kwa rumba ya taratibu. Ndilo linalofungua muziki, kwa kuwa maharusi huanza peke yao, wakafuatiwa na wapambe wao na wazazi, kabla mshereheshaji, ambaye kila mtu humwita MC, hajawakaribisha wageni wote. Ya pili ni kwaito, ambayo jina lake limetoka kwenye muziki wa vijana wa vitongoji vya Johannesburg uliochipuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini ambayo katika sherehe za Tanzania ni uchezaji wa mstari: watu hujipanga safu mbili, tatu au zaidi, wote wakitazama upande mmoja, hakuna anayemshika mwenzake, na wote hurudia mzunguko uleule wa hatua hadi wimbo uishe. Wimbo wenyewe unaweza kuwa wa Kikongo, wa Bongo Fleva au hata wa Injili. Ilimradi watu wamejipanga, husemwa kwamba wanacheza kwaito.

Wapo wazee, na wapo pia vijana wapenda rumba, wanaoona kwamba mstari umevamia usiku usio wake, kwamba ni mambo ya juzi yaliyoletwa na video, na kwamba sherehe iliyofunguliwa kwa jozi ingepaswa kuendelea kwa jozi. Malalamiko hayo yana msingi wake, lakini hoja ya ugeni haiwezi kusimama, kwa sababu katika mkoa wa Njombe mstari umetangulia na jozi ndiyo iliyokuja baadaye.

Ushahidi uko ndani ya mkoa wenyewe, ukishuka kutoka nyanda za juu hadi mwambao wa Ziwa Nyasa katika wilaya ya Ludewa. Huko huchezwa mganda, ngoma ya wanaume waliovaa sare, aghalabu nyeupe, ambao hujipanga kama askari wa gwaride, huinama na kuinuka kwa pamoja polepole kwa kufuata ngoma kubwa, huku wakipuliza vibuyu vilivyowambwa utando mwembamba unaoifanya sauti ya mtu ivume kama tarumbeta. Mganda ni mmoja wa watoto wa beni, mchezo wa gwaride ulioanza katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1890, ukasambazwa bara na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambao katika Tanganyika ulikuwa na vyama vyake mashuhuri vya Marini na Arinoti. Wanawake wa mwambao huo nao wana kioda, ambayo pia hutegemea mpangilio na hatua za pamoja. Mtu aliyekulia Manda au Lupingu, akiingia ukumbini Njombe mjini na kukuta safu zinageuka kwa pamoja, haoni jambo geni hata kidogo.

Dansi la kushikana lilikuja kwa njia nyingine. Katika miji ya Tanganyika vijana waliosoma, makarani na walimu walilipokea katika miaka ya kati ya vita viwili vya dunia, wakati huohuo beni ikipoteza mvuto mijini, na Dar es Salaam Jazz Band ya mwaka 1932 ni miongoni mwa bendi za mwanzo zilizolipigia. Ubena na Ukinga, nchi za Wabena na Wakinga katika mkoa huu, zilikuwa wakati huo chimbuko la vibarua waliokwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na wengi waliporudi walikuwa wamekwisha kuona dansi huko. Baada ya uhuru, Redio Tanzania Dar es Salaam ilizifikisha bendi hadi vijijini, hivyo mtu wa Njombe aliweza kuujua mtindo wa Msondo wa NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964, au Sikinde ya Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, bila kukanyaga Dar es Salaam.

Hata hivyo, historia haitoshi kueleza kwa nini mstari umependwa kiasi hiki katika nyanda za juu, na hapa ndipo penye uzito wa jambo. Harusi ya Kibena, kama zilivyo za majirani zao, ni mkutano wa wakwe. Baba mkwe na mkaza mwana, yaani mke wa mwanawe, hutunziana heshima ya umbali, na hivyo hivyo mama mkwe na mume wa bintiye. Kuwaambia washikane kiuno mbele ya koo mbili ni kuwatia aibu hata kama muziki ni mtamu. Jozi hudai swali lijibiwe kwanza, nalo ni nani amshike nani, na ukumbini wenye kulijibu kwa amani ni wachache. Mstari haulizi swali hilo. Shangazi wa bwana harusi husimama safu ya mbele, baba mkwe safu ya nyuma, watoto hujipachika mkiani, na wote hucheza wimbo mmoja bila mtu kuvunja mwiko.

Kuna na jambo zito zaidi. Njombe ni mkoa ulioongoza nchini kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, ambavyo utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulivikuta kwa asilimia 11.4 ya watu wazima wa mkoa huo, na ugonjwa huo umeacha wajane wengi na bibi wengi wanaolea wajukuu. Mjane aliyealikwa harusini hana wa kushikana naye, na akishikwa na mume wa mtu maneno yatamfuata hadi nyumbani. Yeyote anayetaka mstari uondolewe kabisa ajue kwamba anamwambia mama huyo akae kitini usiku kucha, tena katika mji wa Njombe ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako harusi za Juni na Julai hufanyika watu wakiwa na makoti na mashali. Makambako nako, mahali ambapo barabara ya Songea inaungana na ile ya Mbeya na ambapo reli ya TAZARA ina stesheni, Mbena, Mkinga, Mhehe na Mngoni hukutana kwenye ukumbi mmoja bila kuwa na ngoma moja, na kwaito imekuwa ndiyo hatua wanayoijua wote.

Lakini mstari una madhara yake, nayo huonekana kwa macho ukitazama miguu. Hatua za kawaida ni za hesabu ya nane: mbili kulia, mbili kushoto, mbili nyuma, kisha teke dogo na kugeuka robo, ili mzunguko unaofuata uanze safu nzima ikitazama ukuta mwingine. Jozi husogea kwa kuzunguka ukumbi. Mstari husogea kama ukuta unaohama, kila mara upande tofauti. Vikikutana katika ukumbi mdogo, jozi husukumwa pembeni, kisha hukata tamaa na kukaa.

Dansi la zamani lilikuwa na suluhisho ndani ya wimbo wenyewe. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, pamoja na dansi la Tanzania lililojifunza kwake, huanza na sehemu ya taratibu yenye mashairi, kisha hufunguka katika chemko, yaani sehemu ya mwisho ambapo magitaa huchangamka na waimbaji huwahimiza wachezaji. Jozi zilicheza mashairi, chemko likifika ziliachana na kila mtu akaonyesha mtindo wa bendi yake. Aliyeivuruga desturi hii ni mpiga muziki wa mashine, DJ, ambaye huruka mashairi na kuanzia kwenye chemko, kisha huunganisha chemko na chemko kwa saa nzima, na lawama hutupiwa wachezaji wa kwaito ilhali wimbo wa kushikana haukupigwa kabisa.

Wapenzi wa dansi wa nchi nyingine wamekutana na jambo hilohilo. Katika usiku wa dansi la swing, lililokuzwa katika ukumbi wa Savoy huko Harlem, New York, uliofunguliwa mwaka 1926, huwepo desturi ya kucheza Shim Sham, hatua za mstari zinazochezwa kwa wimbo mmoja, kisha kila mtu hutafuta mwenzake tena. Utaratibu huo unafaa Njombe: kwaito ipewe nafasi inayotangazwa, jozi nazo zipewe nyimbo kamili kuanzia shairi la kwanza, na MC asiruhusu moja ilie juu ya nyingine.

Utaratibu huo hautafanya kazi iwapo vijana hawajui kushikana. Kamati za harusi, yaani ndugu na marafiki wanaochangisha fedha na kupanga shughuli, hukutana jioni nyingi kufanya mazoezi ya kwaito watakayoingia nayo ukumbini wakiwa na sare za kitenge, na siku yenyewe huicheza kwa ustadi hata mgeni asiyeijua huona aibu kujiunga, jambo linaloondoa ule uwazi ambao ndio sifa kuu ya mstari. Mazoezi hayohayo yangeweza kutenga jioni moja au mbili kwa ajili ya rumba, na walimu wapo: wazee wa Makambako na Njombe waliocheza Sikinde na Msondo ujanani bado hualikwa katika harusi hizohizo, huketishwa meza za mbele, na hakuna anayewaomba wafundishe.