Safari ya Skii kwa Kundi la Wanaojua na Wasiojua

Safari ya skii ya watu wa viwango tofauti hupangwa kwa kumtazama asiyejua. Mzoefu akipelekwa kwenye kijiji chenye miteremko myepesi bado atapata pa kwenda, maana lifti zitampandisha juu zaidi. Mwanagenzi akipelekwa kwenye kituo cha mabingwa hana pa kwenda, na wiki nzima itampita yuko hotelini akikanda magoti. Hata hivyo makundi mengi huanza kinyume: mjuzi wao ndiye anayechagua mahali, kwa kuwa ni yeye peke yake anayeyajua majina ya milima.

Ramani ya kituo husomwa kwa rangi. Ufaransa hugawa njia za kuteremkia katika rangi nne: kijani kwa wanaoanza, buluu kwa waliokwisha kujua kugeuka na kusimama, nyekundu kwa wazoefu, na nyeusi kwa mabingwa. Austria na Uswisi kwa kawaida huanzia buluu. Amerika Kaskazini haina nyekundu. Hutumia duara la kijani, mraba wa buluu na almasi nyeusi. Rangi hizo hazina kipimo kimoja kinachofuatwa kila mahali, hivyo buluu ya kituo kimoja yaweza kuwa kali kuliko ya jirani yake. Tena kuhesabu njia za kijani hakutoshi. Ni lazima kuona ziko wapi, kwa sababu njia ya kijani inayokatizwa na watu wanaoshuka kwa kasi kurudi kijijini si mahali pa kujifunzia.

Alpe d'Huez, katika milima ya Alpi karibu na Grenoble, ni mfano wa kituo kinachowatosha wote. Wapenzi wa baiskeli wanakijua kwa kona 21 za barabara yake, ambazo mashindano ya Tour de France huzipanda baadhi ya miaka wakati wa kiangazi. Kijiji kiko mita 1,860 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nakuru, na pembeni mwake kuna eneo pana la njia za kijani, hivyo anayeanza hahitaji kusafiri mbali kutafuta mteremko wake. Juu zaidi ziko buluu na nyekundu. Kutoka Pic Blanc, kilele cha mita 3,330, inaanza Sarenne, njia nyeusi ya kilomita 16 hivi. Ukali wa Sarenne uko zaidi sehemu ya juu. Chini yake ni bonde refu la upole, lisilo na lifti ya kumwokoa aliyechoka njiani. Aliyeingia humo sharti amalize, na hilo rangi peke yake haimwambii mtu. Asiyetaka kuvaa skii naye hakusahauliwa: zipo tiketi za watembea kwa miguu za kupanda kwa gari la kamba, akale chakula cha mchana mlimani pamoja na wenzake.

Majira yana uzito wake. Wiki za Januari baada ya mwaka mpya huwa na bei nafuu na foleni fupi, ila baridi ni kali na giza huingia mapema. Februari hadi mwanzoni mwa Machi ni likizo ya shule za Ufaransa, inayotolewa kwa zamu katika kanda tatu. Bei hupanda na walimu wa skii huwa adimu. Machi ina jua na siku ndefu, na hilo humfaa mgeni wa theluji, ingawa Alpe d'Huez imeelekea kusini na ifikapo alasiri theluji yake hulainika na kuwa nzito miguuni. Kwa anayetoka Afrika Mashariki kalenda ina sharti jingine: maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipelekwe chini ya siku 15 kabla.

Masomo ndiyo matumizi yasiyofaa kubaniwa. Shule ya École du Ski Français, iliyoanzishwa mwaka 1945, ina matawi karibu katika kila kituo cha Ufaransa, na darasa la pamoja la asubuhi kwa siku tano au sita humtoa mtu kwenye kabari, yaani kushuka ncha za skii zikiwa zimekaribiana na mikia imetanuka, hadi kwenye njia za buluu. Mume asimfundishe mke, wala mke mume. Mzoefu aliyejifunza utotoni hakumbuki tena alivyojifunza, na subira yake huisha kabla ya saa moja. Mwanagenzi pia hana haja ya pasi ya eneo zima siku za kwanza. Vituo vingi huuza pasi ndogo ya wanaoanza, na vingine huacha lifti chache za chini zitumike bure.

Skii, fimbo na buti hukodishwa kijijini. Buti ndizo zichaguliwe kwa makini, zikivaliwa juu ya jozi moja tu ya soksi. Jozi mbili hujikunja na kuchubua. Kwa anayeanza, skii husimamishwa wima na kufika kati ya kidevu na pua. Fundi huuliza uzito, urefu, umri na kiwango cha uzoefu ili apange vibano vinavyoachia mguu mtu anapoanguka, na hapo ndipo watu husema uongo, wa uzito au wa ustadi. Vibano vilivyokazwa kupita kiasi visipofunguka, goti ndilo linalolipa. Nguo za ndani ziwe za sufu au za nyuzi za michezo, kwa sababu pamba hunywa jasho na kuganda mwilini. Miwani na losheni ya jua havina mbadala hata kwa ngozi nyeusi: theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno.

Anayetaka kujaribu kabla ya kulipia wiki nzima anaweza kupitia Ski Dubai, ukumbi wa ndani uliofunguliwa mwaka 2005, au Afriski huko Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu, ambako msimu huanza Juni. Anayeogopa kushuka anayo pia skii ya nyanda, ya kutembea na kukimbia kwenye njia tambarare. Philip Boit, Mkenya aliyekuwa mwanariadha wa mbio, alishiriki mchezo huo katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998.

Bima ya viza, ambayo lazima ifikie angalau euro 30,000, isidhaniwe kuwa inagharimia skii; mkataba usomwe. Nchini Ufaransa, kuokolewa kwenye njia rasmi hulipiwa na aliyeumia, na vituo huuza bima ya siku pamoja na pasi. Namba ya dharura ni 112. Sheria ya mlimani ni kwamba aliye mbele ana haki, na anayetoka juu ndiye anayemkwepa.

Mchana kundi hutawanyika kwa viwango, hivyo mahali na saa ya kukutana vipangwe asubuhi, kwenye mgahawa unaofikiwa na mtu wa njia za kijani. Baada ya chakula mzoefu mmoja anaweza kushuka mara moja na wanagenzi, kisha akarudi juu. Lifti nyingi hufungwa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Aliyechoka ateremke kwa gari la kamba, na saa ya gari la mwisho la kushuka iulizwe kabla ya kupanda.